Kuombea fedha za serikali jaribio la kitabibu kwa watoto waliopandikizwa figo: mwongozo kwa watafiti wa Kigoma na Tabora

Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, haipandikizi figo, wala Kitete ya Tabora. Andiko la mradi linaloanza kwa kuahidi kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa itaanza kupandikiza litawekwa kando kabla msomaji hajamaliza ukurasa wa kwanza. Lakini mtoto hupandikizwa siku moja, kisha hufuatiliwa maisha yake yote, na maisha hayo anayaishi Kasulu, Uvinza, Kaliua au Nzega. Hapo ndipo mtafiti wa magharibi mwa Tanzania ana kitu ambacho Dar es Salaam na Dodoma hawana: mtoto mwenyewe, mlezi wake, na maji, chakula, barabara na magonjwa yanayoamua kama dawa itafanya kazi. Ombi lenu lijengwe juu ya ufuatiliaji, na mjitokeze kama kituo kimojawapo katika jaribio la vituo vingi.

Hesabu watoto kabla ya kuandika neno lolote

Upandikizaji wa figo nchini ulianza Muhimbili Novemba 2017, ukafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kila mahali duniani watoto ni sehemu ndogo ya wanaopandikizwa. Hata Marekani watoto wanaopata figo hawafiki 1,000 kwa mwaka. Ndiyo maana hakuna hospitali moja inayoweza kujibu swali zito peke yake, na serikali zinazofadhili zinalijua hilo. Jaribio la iWITH, lililogharamiwa na NIAID, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa mzio na magonjwa ya kuambukiza, ili kuona kama watoto waliopandikizwa ini wanaweza kuachishwa dawa za kushusha kinga, lilihitaji vituo 12 kupata watoto 88. Jaribio la TEAMMATE la watoto waliopandikizwa moyo lilipata watoto 211 kutoka vituo 25.

Kwa hiyo andika barua kwa kliniki za figo za Muhimbili na Benjamin Mkapa, uombe idadi tu: watoto na vijana wangapi waliopandikizwa, hapa nchini au India, wanaishi Kigoma na Tabora, wana umri gani, na wangapi wanatumia takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo. Usiombe majina wala namba za faili. Kabla ya kibali cha maadili huna haki nayo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Jibu ukilipata, lipitishe katika chujio nne: waliopo, wenye sifa za kuingia, watakaokubali, watakaobaki hadi ziara ya mwisho. Maandiko mengi huishia kwenye namba ya kwanza, na hapo ndipo mkaguzi anaposhika kalamu nyekundu.

Sasa linganisha namba hiyo na mahitaji ya takwimu. Tuseme unataka kuonyesha kwamba utaratibu mpya unapandisha sehemu ya watoto wenye kiwango sahihi cha dawa kutoka 60% hadi 80%. Kwa nguvu ya takwimu (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) ya 80% na kosa la 5% unahitaji watoto 82 kila kundi. Ukiruhusu 10% kupotea njiani, 92 kila kundi, yaani 184. Kigoma na Tabora kwa pamoja hazitakupa idadi hiyo. Ukibadilisha kipimo kikuu kiwe namba endelevu badala ya ndiyo au hapana, hali inabadilika: tofauti ya 0.8 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka wastani) inahitaji kama watoto 26 kila kundi. Na kila mtoto akijilinganisha na yeye mwenyewe, miezi sita ya utaratibu wa zamani na sita ya mpya, idadi inashuka tena.

Ukikuta una watoto tisa, usilazimishe jaribio la nasibu, la kuwagawa watoto kwa bahati katika makundi mawili. Ungana na vituo vingine, panua umri uwachukue vijana waliovuka 18 wakiwa bado wanafuatiliwa, au omba fedha za maandalizi tu. Wapo watakaofikiria kuongeza watoto wa selimundu waliopandikizwa uloto (uboho wa mifupa) Benjamin Mkapa, huduma iliyoanza 2023. Inawezekana, ila wawe tabaka lao peke yao: mtoto wa uloto mwenye maendeleo mazuri huachishwa dawa za kinga baada ya muda, wa figo haachi kamwe. Ukiwachanganya, wastani wako hautamhusu mtoto yeyote.

Onyo moja kuhusu matokeo ya majaribio madogo. Kabla ya iWITH kulikuwa na jaribio la awali la watoto 20 waliopewa kipande cha ini na mzazi. 12 kati yao, yaani 60%, waliweza kuacha dawa. Lilipopanuliwa hadi 88, waliofaulu walikuwa 33, yaani 37.5%. Jaribio dogo hupima kama kazi inawezekana. Ukikokotoa idadi ya watoto kwa kutegemea matokeo yake mazuri, utaishia na jaribio kubwa lisilotosha.

Swali ambalo kituo cha pembezoni kinaweza kulijibu

Takrolimasi ina upana mdogo wa usalama: ikipungua mwili unaikataa figo, ikizidi inaiumiza figo ileile. Wastani wa viwango haukuonyeshi shida. Mtoto mwenye vipimo 5, 6, 7 na 6 (nanogramu kwa mililita) na mwenye 3, 9, 4 na 8 wote wana wastani wa 6. Lakini mkengeuko sanifu wa kwanza ni 0.8, wa pili 2.9. Utafiti wa Marekani uitwao MALT uliwafuatilia watoto 400 waliopandikizwa ini katika vituo vitano na kutumia mkengeuko huo kama kipimo cha umezaji wa dawa. Uliozidi 2 uliambatana na mwili kukataa kiungo. Hiki ni kipimo kikuu kizuri kwa kituo cha mkoa: ni namba endelevu, hakihitaji kukata kinyama cha figo, na kinagusa kinachotokea nyumbani.

Kama kipimo cha pili weka uchujaji wa figo kwa kanuni ya Schwartz: zidisha urefu wa mtoto kwa sentimita na 36.5, kisha gawa kwa kreatinini (taka ya mwilini inayopimwa kwenye damu) ya mikromoli kwa lita. Mtoto wa sentimita 120 mwenye kreatinini 70 anapata karibu 63. Maabara ikitoa majibu kwa miligramu kwa desilita, tumia 0.413 badala ya 36.5. Andika kwenye itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio, kanuni ipi inatumika na kwa kizio kipi, kwa kuwa vituo viwili vikitumia vizio tofauti bila kuambiana, data zote zinaoza. Ubao wa kupimia urefu uwe ndani ya bajeti. Urefu ulioandikwa kwa kukadiria unaharibu hesabu kama kreatinini iliyokosewa.

Fedha ziko wapi

Nyumbani, mlango ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1986 na inayosimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Ruzuku hutolewa kwa tangazo lenye maeneo ya kipaumbele ya mwaka huo. Lisome tangazo kwa maneno yake: likisema magonjwa yasiyoambukiza, andiko lako lianzie ugonjwa sugu wa figo kwa watoto, si upasuaji. Fedha hizi zinafaa kwa hatua ya maandalizi: kuhesabu, kujaribu usafirishaji wa sampuli, kufundisha wauguzi. Jaribio la miaka mitano la vituo vingi litahitaji mfuko mwingine.

Nje, mfadhili mkubwa wa serikali katika eneo hili ni NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hasa tawi lake la NIAID, iliyogharamia mtandao wa majaribio ya upandikizaji kwa watoto, CTOT-C. Kwa miaka mingi imetumia ruzuku ya kupanga jaribio iitwayo R34 na ya kulitekeleza iitwayo U01. Ndani ya kila tangazo kuna sehemu ya wanaostahili kuomba. Tafuta kwanza kama taasisi za nje ya Marekani zinaruhusiwa. Na jua kwamba Mei 2025 NIH ilitangaza kuachana na utaratibu wa zamani wa taasisi ya Marekani kupokea fedha na kuimegea ya nje, ili ya nje iwe na ruzuku yake iliyounganishwa na ile kuu. Andiko la mwaka 2023 ulilopewa na rafiki kama kielelezo lina muundo wa bajeti uliopitwa na wakati.

Usiishie wizara za afya. TEAMMATE iligharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupitia programu yake ya utafiti wa kitabibu. Mfuko wa EDCTP wa Ulaya na Afrika nao unajulikana sana nchini, lakini umejikita kwenye magonjwa ya kuambukiza. Jaribio la takrolimasi peke yake halina nafasi pale.

Jambo ambalo huwachelewesha wengi: hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kawaida haiwi mwombaji. Mwombaji ni chombo chenye mamlaka ya kupokea na kukaguliwa, kama NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa) au chuo kikuu, na Maweni au Kitete inaingia kama kituo cha utafiti kwa barua ya mganga mfawidhi. Kwa NIH, mwombaji huyo anahitaji kwanza namba ya NCAGE, inayoitambulisha taasisi ya nje ya Marekani, kisha usajili wa SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani, unaompa kitambulisho cha UEI chenye tarakimu na herufi 12, ndipo Grants.gov na eRA Commons, mifumo ya kuwasilisha na kufuatilia maombi. Jina na anwani lazima zilingane herufi kwa herufi kote. Taasisi iliyoandika “S.L.P.” huku na “P.O. Box” kule hurudishwa mwanzo. NIH yenyewe inashauri kuanza angalau wiki sita kabla. Kwa taasisi inayoanza sifuri, anza miezi minne kabla. Usajili wa SAM hufa kila mwaka usipohuishwa.

Vibali na mpangilio wake

Anza na kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR. Kwa kuwa kuna dawa ndani yake, unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayotaka itifaki, maelezo ya dawa, vyeti vya mafunzo ya kanuni bora za utafiti wa kitabibu na bima ya washiriki. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Chukua kiasi kutoka kanuni za ada zinazotumika mwaka huo, si kutoka andiko la zamani. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH. Sampuli zikivuka mpaka, mkataba wa kuhamisha sampuli upitie NIMR. Sajili jaribio kwenye rejista ya Afrika, PACTR, ambayo haitozi. Likiwa la NIH, lisajili pia kwenye rejista ya Marekani, ClinicalTrials.gov, si zaidi ya siku 21 tangu mshiriki wa kwanza aingie.

Ukishuka mkoani, barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha kwa mkurugenzi wa kila halmashauri. Usisahau kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya, ilhali hospitali ya wilaya na vituo vya afya viko chini ya TAMISEMI. Barua moja haitoshi pande zote mbili. Kama kuna mtoto anayeishi kambi ya Nyarugusu, kuingia kambini kunahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Iombe mapema au umtoe mtoto huyo kwenye hesabu yako.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili chepesi, na maelezo ya mdomo yaweze kutolewa kwa Kiha, Kinyamwezi au Kisukuma na mtu aliyefunzwa, si jirani aliyekuja kusindikiza. Mzazi anaridhia, na mtoto anayeelewa anaulizwa pia. Akikataa, amekataa. Mara nyingi aliyetoa figo ni mzazi au ndugu wa damu wa mtoto huyo. Ukitaka vipimo vyake, naye ni mshiriki mwenye fomu yake.

Bajeti: hesabu vitu kwanza, bei baadaye

Chukua watoto 24, ziara ya kuanza na moja kila mwezi kwa mwaka: ziara 13, sampuli 312. Ongeza 10% za kurudia, andika 344. Kila ziara inasafirisha mtoto na mlezi, kwenda na kurudi: nauli 1,248. Hapo ndipo bajeti za mikoani hufa, kwa sababu mwandishi aliweka nauli ya mtoto tu. Kwa wanaotoka Kakonko, Kibondo au Sikonge weka na malazi na chakula, maana damu inachukuliwa asubuhi.

Sampuli ya takrolimasi ni damu nzima katika chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Fundi akiitenganisha kupata seramu, imepotea, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hii imeshikwa na chembe nyekundu. Ichukuliwe saa 12 baada ya dozi iliyopita, kabla ya dozi inayofuata: aliyemeza saa 2 usiku atolewe damu saa 2 asubuhi. Mlezi aliyeamka alfajiri kuwahi basi kutoka Uvinza atampa mtoto dawa nyumbani kwa nia njema, na majibu yatatoka juu mno, kisha daktari atapunguza dozi isiyostahili kupunguzwa. Muuguzi apige simu jana yake na maneno yawe mepesi: “Mama, kesho asubuhi mtoto asimeze dawa nyumbani. Njoo nayo, atameza hapa akishatolewa damu.” Fedha za simu hiyo ziwe na mstari wake kwenye bajeti.

Damu hiyo hukaa salama hadi siku saba kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, isigandishwe. Mpangilio unaofaa ni kuchukua Jumatatu na Jumanne, kusafirisha Jumatano, maabara ipokee kabla ya Ijumaa. Weka masanduku ya baridi mawili kwa kila kituo, moja likiwa njiani jingine liwe tayari, na kipimajoto kinachorekodi ndani ya kila sanduku. Mvua za magharibi huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili. Panga njia mbadala ya miezi hiyo kwa maandishi. Na itaje itifaki majibu yatamfikia daktari wa mtoto ndani ya saa ngapi. Kujua baada ya wiki tatu kwamba kiwango kilikuwa cha hatari ni kosa la maadili, na kamati italiona.

Kiasi cha damu chenyewe kina ukomo. Kanuni ya Marekani kwa utafiti wenye hatari ndogo ni mililita 3 kwa kila kilo, isizidi 50, ndani ya wiki 8. Mtoto wa kilo 15 ana 45. Hesabu humo na damu ya vipimo vya kliniki.

Mistari inayosahaulika ni ileile kila mara: bima ya washiriki, bodi huru ya usalama, mkaguzi anayezunguka vituo, mfamasia, jenereta na mafuta yake, kuhifadhi kumbukumbu baada ya jaribio. Ununuzi wa taasisi za umma unapitia mfumo wa NeST, na vitendanishi haviji kwa wiki moja. Ununuzi mkubwa uuweke robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, Julai hadi Septemba. Usiandike kwamba bima ya afya italipia dawa ya kawaida kama huna barua inayosema hivyo. Eleza pia mtoto atapata wapi dawa siku baada ya jaribio kwisha, na aina ileile, kwa kuwa kubadilisha mtengenezaji wa takrolimasi bila kupima tena kunaweza kusogeza kiwango.

Yanayoharibu jaribio huku kwetu

Rifampisini ya kifua kikuu inashusha takrolimasi kwa kasi kubwa. Flukonazoli na erithromisini zinaipandisha. Kuhara nako kunaipandisha, na wengi wanadhani ni kinyume, wakaongeza dozi. Itifaki iseme wazi mtoto akianza dawa hizi au akiharisha apimwe lini tena, na zahanati ya kijijini iwe na karatasi ya ukurasa mmoja ukutani pamoja na namba ya simu ya kituo. Kwa mkaguzi wa nje, aya hii inaonyesha kuliko nyingine yoyote kwamba mnajua mnakofanyia kazi.

Kanuni za kusimamisha jaribio ziandikwe kwa namba. Katika jaribio moja la Marekani la kuwaachisha steroidi watoto waliopandikizwa figo, lililogharamiwa na NIAID, watoto 19 kati ya 274, yaani 6.9%, walipata ugonjwa wa seli za limfu unaofuata upandikizaji, ambao mara nyingi huchochewa na virusi vya Epstein-Barr, na jaribio likafungwa kabla ya wakati. Bodi yenu iambiwe ni visa vingapi vitawasimamisha, na nani anahesabu. Tukio baya lisilotarajiwa linaloua au kutishia uhai huripotiwa ndani ya siku 7, mengine mazito ndani ya 15, kwa kanuni za kimataifa za dawa za ICH. TMDA ikitaka mapema zaidi, fuata ya TMDA.

Kuandika, kuwasilisha, na kukataliwa

Kwa NIH, ukurasa wa malengo ni mmoja tu. Upe muda kuliko kurasa zote zinazofuata, maana wajumbe wengi wa jopo watausoma huo peke yake. Tangu Januari 2025 maombi mengi hupimwa kwa mambo matatu: umuhimu, uthabiti pamoja na uwezekano wa kazi kufanyika, na uwezo wa watu na mazingira. Mawili ya kwanza hupewa alama 1 hadi 9, 1 ikiwa bora. Jedwali lako la chujio nne na ratiba ya sanduku la baridi ni ushahidi wa jambo la pili. Yaweke ndani ya andiko, si kwenye viambatisho.

Mwisho wa kupokea ni saa 11 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi inayowasilisha. Mwombaji akiwa Tanzania, ni saa 11 ya Tanzania. Wasilisha siku tatu kabla, mfumo ukionyesha makosa uwe na muda wa kuyasahihisha.

Ukikataliwa, soma maoni ya jopo, yaache wiki moja, kisha mwandikie ofisa wa programu umuulize ni hoja ipi iliyoshusha alama. NIH inaruhusu kurudisha ombi mara moja ndani ya miezi 37, na ukurasa mmoja wa utangulizi unaojibu hoja. Jibu zile mbili au tatu zilizouma. Kama hoja kuu ilikuwa idadi ya watoto, usiitetee kwa maneno: rudi na kituo cha tatu kilichosaini barua, iwe Mwanza, Dodoma au Mbeya, na jedwali la chujio lililohesabiwa upya.